Mwenzako Yuko Wapi Leo?

Neema na Juma, nyie niliowaachia meza pale Manyamanyama, Bunda, tangu nistaafu simu yangu haipumui. Leo funguo ya kabati, kesho eti mama, muhuri wa zamani uliuweka wapi. Sikasiriki. Ningekasirika kama mngenyamaza. Lakini juzi Neema kaniuliza kitu ambacho hakijibiki kwa simu: kwa nini kila mwombaji aliyeingia nilikuwa namuuliza habari za ndugu yake kabla ya kumuuliza habari zake mwenyewe? Basi nimekaa barazani, chai iko pembeni, naandika. Juma naye asome. Najua hasomi kitu kisichokuwa kwenye simu, kwa hiyo Neema, zipige picha hizi karatasi umtumie.

Habari za vyeo sitaandika. Vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, si ndio huo mnaupokea nyie sasa. Pole zenu.

Nilianzia Musoma, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya uvuvi. Mfuko wetu wa elimu ulikuwa bado mchanga. Wakulima, wafanyabiashara na makanisa mawili matatu walikuwa wamechangishana ili mtoto wa huku aliyepata nafasi ya chuo asirudi nyumbani kwa kukosa ada. Chumba kilinuka nyavu mpya kuanzia asubuhi mpaka tunafunga, na mimi nikawa narudi nyumbani nanuka hivyo hivyo. Mume wangu akawa anauliza kama nimeajiriwa ofisini au ziwani.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Masatu. Mjita mrefu, mpole, mwenye pikipiki iliyopiga kelele kuliko yeye. Siku ile ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino, nikidhani kazi ya ofisi inafanyikaga ofisini. Akaviangalia. Akanipa koti la mvua na kofia ngumu, akasema, "Panda, binti. Tunaenda Bunda, halafu Guta." Jioni nilirudi peku, viatu nimevibeba mkononi, matope mpaka magotini. Kesho yake nikaja na raba, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Huko Guta tulikwenda kuona nyumba ya kijana aliyeomba msaada. Kwenye maombi yake alikuwa amesema kaka yake naye yuko chuo. Mzee Masatu alikaa kwenye kigoda, akanywa uji aliopewa, akasifia kuku, akauliza habari za mvua. Halafu akamgeukia yule kijana taratibu kabisa.

"Mwenzako yuko wapi leo?"

"Leo?" kijana akashangaa. "Leo si yuko kule bondeni, kwenye mpunga."

Mama yake alitamani ardhi ipasuke. Mzee Masatu akaomba uji tena, kana kwamba hajasikia.

Njiani alinieleza kwa kupigia kelele ile pikipiki. "Ukimuuliza mtu kama ana ndugu chuoni, atakujibu ya mwaka jana. Au atakujibu anachotamani. Muulize leo! Ukisema leo, mtu anamuona mwenzake kwa macho kwanza, ndiyo anajibu."

Sasa nyie mnajua kwa nini ndugu anahesabiwa, lakini nitaandika kwa ajili ya watakaokuja baada yenu. Mfuko wetu haumpimi mtoto peke yake, unaipima nyumba yake. Mama mwenye mtoto mmoja chuoni amebeba ndoo moja. Mama mwenye watoto wawili chuoni amebeba ndoo mbili, kwa hiyo kamati inamshika mkono zaidi, na kila mmoja wa watoto wale anapata nafuu kubwa kuliko ambayo angepata akiwa peke yake. Mmoja akiacha masomo, kamati inasema mama huyu mzigo umempungua, sasa anaweza kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya ule uliobaki. Na msaada wa aliyebaki chuoni unashuka. Watu wengi wanadhani ni adhabu. Si adhabu, ni hesabu, ila ukiwa ndiye unayeshushiwa huioni tofauti.

Ndiyo maana wengine walitutengenezea wanafunzi. Pale Musoma kulikuwa na fundi cherehani mmoja, Mzee Shabani, mtu mcheshi sana, aliyemwombea binti yake. Akaandika kwamba na mtoto wake mkubwa, Idi, yuko chuo. Nilimkuta dukani kwake anapima nguo, cherehani inalia chumba cha nyuma.

"Mzee Shabani, Idi yuko wapi leo?"

"Chuoni, mama afisa! Anasoma huyo, hata kupiga simu hana nafasi."

"Na nani anashona huko ndani?"

Cherehani ikanyamaza. Mzee Shabani akaangalia dari, akaangalia futi yake ya kupimia, halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Toka, Idi," akasema, "toka umsalimie mama, tumekamatwa." Binti alipata msaada wake kama mtoto aliye peke yake chuoni, akasoma, akamaliza. Nguo zangu ananishoneaga Idi mpaka leo, na kwa kweli mkono wake ni mzuri kuliko wa baba yake.

Lakini hao wa kuongeza mwanafunzi hawakunisumbua moyo. Walionisumbua ni wa kupunguza.

Hili ni kosa letu sisi watu wa huku, na linatokana na ng'ombe. Majani yakipungua, mfugaji anafanya nini? Anagawa kundi, nusu anaipeleka kwa shemeji yake mbali, na hawa waliobaki wanashiba. Tumekua tukiona hivyo. Basi ada zikibana, nyumba inakaa, inasema mmoja atoke ili mwenzake ashibe. Wanamtoa kwa machozi, tena kwa upendo kabisa, halafu wanakuja ofisini wametulia, wakijua wamefanya jambo la busara. Na wewe ndiye unayetakiwa kuwaambia kwamba yule aliyebaki malishoni naye amepunguziwa majani.

Nimewaambia wazazi wengi hivyo, na sikuwahi kuzoea.

Niwaeleze habari ya Wegesa na Makuru, maana ndiyo ninayoikumbuka nikiwa nachambua mchicha.

Walikuwa watoto wawili wa mjane mmoja wa Nyamuswa. Wegesa ndiye mkubwa, alikuwa anasomea uuguzi Musoma. Mdogo wake Makuru alipopata chuo pale Butiama, nilikwenda kuiona nyumba yao kama nilivyofundishwa. Mama yao alikuwa anapura mtama. Nikamuuliza, mama, utawaweza wote wawili kwa mara moja? Akanijibu bila kuacha kupura, "Sasa nifanyeje? Nimwambie mmoja asiwe na akili?" Nilicheka njia nzima mpaka Bunda. Kamati ikawahesabu wote wawili, ikawapa kila mmoja kile cha nyumba yenye wanafunzi wawili. Hakikutosha kila kitu, lakini kilitosha wasirudi.

Muhula wa pili ulipokuwa unaanza, siku ya Jumatano, Wegesa akaingia ofisini kwangu Manyamanyama. Ananukia mafuta ya kukaangia samaki, kanga kiunoni, kandambili miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uko Bunda? Musoma hamjafungua?"

"Wamefungua. Mimi nimeacha." Alisema kama mtu anayetangaza amepata kazi. "Nakaanga furu pale sokoni. Sehemu yangu yote mpeni Makuru. Nimekuja mnibadilishie tu, msije mkaipeleka kwingine."

Nilivua miwani. Huwaga navua miwani nisipotaka kuona vizuri.

"Wegesa, hakuna sehemu yako ya kumpa mtu. Ukitoka wewe, yeye anashuka."

"Anashukaje na mimi nimempisha?"

"Kwa sababu umempisha."

Alinitazama kama ninamwibia. Nikamweleza habari ya ndoo mbili na ndoo moja, mara ya kwanza, mara ya pili. Uso wake ukabadilika polepole. Ile furaha aliyoingia nayo ikatoka yote, nikatamani ningeirudisha. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa hiyo hesabu nani aliitunga?" Nikamwambia hata mimi siku ya kwanza niliuliza hivyo hivyo.

Halafu nikamuuliza swali ambalo nyie msilisahau kamwe. "Umeandika barua ya kuacha?"

"Sijaandika kitu. Niliondoka tu."

Jamani, nilipumua. Kuondoka tu si kuacha. Aliyeandika barua ya kuacha nafasi yake imekwisha. Aliyeomba kuahirisha ana barua ya chuo, na kwetu anabaki kwenye hesabu mpaka arudi. Aliyeondoka kimya bado yumo katikati, na mlango haujafungwa mpaka usajili ufungwe. Nikapiga simu chuoni kwao pale pale. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Asiposajiliwa Ijumaa, jina lake linatoka, na kamati ikikaa Makuru anashuka, na kwa kuijua ile nyumba, Makuru asingefika mwisho wa mwaka. Wangerudi wote wawili Nyamuswa, kila mmoja akiwa amejitoa kwa ajili ya mwenzake, na mama yao angebaki na mtama wake.

"Rudi Musoma leo," nikamwambia.

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

"Nilishamwachia. Mtu akishampa mdogo wake kitu, atarudije kumnyang'anya?" Akaangalia miguu yake. "Na viatu vyangu vyeupe vya wodini nimeuza. Makuru alikuwa analala kwenye mkeka. Nikamnunulia godoro."

Niliona hapo maneno yangu hayatoshi. Mzee Masatu alikuwa amekwishafariki, lakini nilijua angefanya nini. Angechukua kofia ngumu. Mimi nikafunga ofisi, nikamwambia twende Butiama, swali langu la mwenzako yuko wapi leo tukamuulize mwenyewe anayepishwa.

Tulimkuta Makuru nyuma ya bweni, karibu na tangi la maji, anafua. Alipomwona dada yake aliruka na povu mikononi.

"Dada! Karibu! Lakini... leo si siku ya darasa?"

Wegesa akainamisha kichwa. Akaanza kukunja ncha ya kanga yake. Nikamwambia Makuru, "Muulize vizuri dada yako. Muulize yuko wapi siku hizi."

Ikabidi aseme. Alisema yote huku anaangalia tangi, habari ya sokoni, ya furu, ya viatu. Makuru alisikiliza amesimama. Mikono ilikuwa bado na povu, hakuifuta.

"Kwa hiyo lile godoro ninalolalia," akasema, "ni viatu vyako?"

"Makuru, usianze."

"Ni viatu vyako au si viatu vyako?"

"Ulikuwa unakohoa."

Kijana mkubwa yule, ndevu zimeshaanza, alikaa kwenye ndoo ya nguo akalia kwa sauti. Wenzake waliokuwa wanafua pale wakajifanya nguo zao zimewashinda kutakata. Wegesa akawa anamfuta uso na kanga, anamkaripia, "Nyamaza, we Makuru, watu wanaangalia," na yeye mwenyewe machozi yanamtoka. Na mimi je? Mimi nilikuwa mtu wa ofisi, nilitakiwa nisilie. Nililia vizuri tu.

Makuru alipotulia akasema, "Dada, ukikaanga samaki mimi nisome, huku darasani nitasikia nini? Nitasikia mafuta tu."

Hapo ndipo nilipoona pa kuingilia. Nikamwambia, "Wegesa, kama ni vigumu kurudi kwa ajili yako, basi. Rudi kwa ajili ya huyu. Ukikaa darasani kule Musoma, ndiyo unamsaidia huyu hapa Butiama. Hutamnyang'anya kitu. Ukitoka ndiyo utakuwa umemnyang'anya."

Akafikiri. Akajifuta pua. "Kwa hiyo nikisoma ndiyo nafanya kazi?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi hiyo naiweza," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Musoma kabla mlango wa usajili haujafunguliwa. Mama wa usajili alikuwa mkali kweli kweli. Akamtazama Wegesa kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Huyu viatu vyake viko wapi?" Nikamwambia, "Vinakuja." Akanitazama na mimi, akashusha pumzi, akamwandikisha. Rafiki yake mmoja alimwazima jozi kubwa kuliko miguu yake, akawa anaijaza pamba mbele, akaingia nayo wodini. Nasikia wagonjwa walikuwa wanamjua kwa mlio wa hatua zake.

Kamati ilipokaa niliulizwa, huyu dada mtu yuko wapi leo? Nikajibu, darasani. Sijawahi kujibu neno nikiwa na furaha kama ile. Makuru hakushuka.

Wakaendelea hivyo, huyu Musoma, yule Butiama, na mimi nywele zikaendelea kuwa nyeupe. Neema, ulishaanza kazi wakati huo, utakumbuka nilikuwa nawapigia kila muhula hata pasipo sababu. Mlinicheka mkasema mama ana wajukuu wa ofisini.

Sasa sehemu ambayo hamkuiona, kwa sababu siku ile niliwatuma posta wote wawili.

Ilikuwa ni siku zangu za mwisho mwisho, nimeshaanza kutoa vitu vyangu kwenye droo. Wegesa akaingia, amependeza na sare yake, amebakiza mitihani ya mwisho tu. Akakaa. Akasalimia, akauliza afya, akauliza mume wangu, akauliza kuku. Nikajua kuna jambo.

"Mama, nikimaliza mimi, si nyumba itabaki na mwanafunzi mmoja?"

"Ndiyo."

"Na Makuru amebakiza mwaka. Si atashushiwa?"

"Atashushiwa."

Akasogeza kiti. "Sasa mama, nilikuwa nafikiria. Somo moja tu. Moja dogo, si la wodini. Nikilifeli, nikarudia mwaka, bado nitakuwa mwanafunzi, si ndiyo? Tutamaliza wote pamoja."

Wanangu, nimefanya kazi ile mpaka mgongo ukapinda. Nimesikia watu wakiomba kila kitu. Sijawahi kumsikia mtu akiomba ruhusa ya kufeli. Nilicheka mpaka nikashika meza, na nilipomaliza kucheka nikakuta ninalia. Nilimpenda yule mtoto, niseme ukweli. Nilimpenda kama niliyemzaa.

"Wegesa," nikamwambia, "Makuru alikuwa hapa wiki iliyopita. Kwenye kiti hicho hicho."

Akashtuka. "Alitaka nini?"

"Aliniuliza, dada akihitimu nitashushiwa? Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi nishusheni sasa hivi, nianze kuzoea. Likizo nzima alikuwa anapakia mizigo pale stendi, anasema mwaka uliobaki ataubeba. Halafu akasema dada yangu namjua, atakuja hapa kukuuliza ujinga. Akija, mpe hiki."

Nikainama, nikatoa mfuko niliokuwa nimeuficha chini ya meza. Wegesa aliufungua. Vilikuwa viatu vyeupe vya wodini, vipya, na ndani amevijaza karatasi visipoteze umbo. Alivishika mapajani muda mrefu. Akawa anapitisha kidole kwenye mshono.

"Vijaribu basi," nikasema, maana nilikuwa siwezi kuvumilia.

Akavua vile vikubwa, pamba ikaanguka sakafuni. Akaingiza mguu. Ukaenea. Akaingiza wa pili. Nami kwa mazoea tu, kwa yale mazoea aliyonipa Mzee Masatu kwenye uji wa Guta, nikajikuta nimeuliza:

"Na mwenzako yuko wapi leo?"

"Yuko chuoni, mama," akasema, ameinama anafunga kamba. "Na mimi naenda kumaliza."